Baada ya Mavuno: Historia ya Msimu wa Sanaa na Mikusanyiko ya Jamii katika Nyanda za Juu Kusini, Ikitazamwa kutoka Mgololo

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya kiangazi kama msimu wa sanaa na mikusanyiko ya jamii katika Nyanda za Juu Kusini za Tanzania. Hoja yake ni kwamba mabadiliko makubwa ya sanaa za umma katika eneo hilo hayakuanzia katika maudhui ya nyimbo wala katika aina za ngoma. Yalianzia katika swali la nani mwenye mamlaka ya kuuita watu wakusanyike, na kwa siku gani. Ushahidi unatolewa kutoka katika kalenda, katika msamiati wa Kiswahili unaohusu mikusanyiko, na katika mpangilio wa hafla zenyewe. Mji wa kiwanda wa Mgololo, wilayani Mufindi, unatumika kama mahali pa kusimama na kutazama, kwa kuwa hapo kalenda ya mkulima na kalenda ya mashine zilikutana uso kwa uso.

1. Utangulizi

Tarehe 19 Juni 1954, Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alikabidhi huko Kalenga, karibu na Iringa, fuvu lililotambuliwa kuwa la Mtwa Mkwawa. Aliyelipokea ni Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa mtawala huyo. Siku 18 baadaye, tarehe 7 Julai, TANU ilizaliwa Dar es Salaam. Wanahistoria wa siasa huyaweka matukio haya mawili katika sura tofauti: la kwanza katika sura ya utawala wa kikoloni na machifu, la pili katika sura ya utaifa. Mtu anayesoma kalenda badala ya sura za vitabu huona jambo jingine. Yote mawili yalitokea katika kiangazi kimoja, na yote mawili yaliacha nyuma yake siku ya kukusanyika.

Utafiti kuhusu sanaa za maonyesho nchini Tanzania umekuwa na maeneo yake yanayopendwa. Dansi na taarabu zimechunguzwa mijini, hasa Dar es Salaam, Tanga na Zanzibar. Ngoma za jadi zimetafutwa vijijini, na mara nyingi kwa macho ya mtu anayetafuta kilichobaki. Katikati ya maeneo hayo kuna miji midogo: vituo vya reli, makambi ya mashamba ya chai, makao makuu ya wilaya, miji iliyoota kuzunguka kiwanda. Huko ndiko Watanzania wengi walikojifunza kwamba ngoma ya kwao inaweza kusimama jukwaani karibu na ngoma ya jirani, ikatangazwa kwa Kiswahili na kupewa dakika 10. Mgololo ni mji wa aina hiyo.

2. Majira na majina yake

Kabla ya kuzungumzia sanaa za msimu, ni vyema kuulizia msimu wenyewe unaitwaje. Msamiati wa majira katika Kiswahili ulitungwa pwani, na ulitungwa na watu wanaoangalia pepo. Kaskazi na kusi ni majina ya pepo yaliyogeuka kuwa majina ya vipindi vya mwaka. Masika na vuli zinatofautisha mvua kubwa za mwanzo wa mwaka na mvua fupi za mwishoni. Kipupwe ni baridi ya Juni hadi Agosti, nayo demani hufuata pale kusi inapolegea. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 inaorodhesha majina haya kwa uangalifu mkubwa, na Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 iliyarithi.

Mfumo huu ulipopanda milimani ulipungukiwa na kazi. Katika Mufindi, Njombe na Mbeya mvua hunyesha katika msimu mmoja, kwa kawaida kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei. Hakuna vuli ya kuitofautisha na masika. Kusi haina mashua ya kusukuma. Kwa hiyo mzungumzaji wa Kiswahili wa nyanda hizi alibakiwa na maneno mawili yenye kazi, masika na kiangazi, na akalipanua la pili. Tatizo ni kwamba kiangazi, kwa msikilizaji wa pwani, ni neno la jua na joto. Kiangazi cha Mufindi ni kikavu, lakini Juni na Julai ni miezi ya makoti mazito na ukungu wa asubuhi, na katika mabonde huweza kuanguka jalidi inayounguza majani ya chai. Mtafiti anayeandika kwamba watu wa huku husherehekea wakati wa joto amepotoshwa na kamusi. Wanasherehekea wakati wa baridi, usiku wakiwa wameuzunguka moto, na moto huo utarejea katika mjadala wetu.

Sababu ya msimu huu kuwa wa mikusanyiko ni ya kawaida, nayo haina fumbo. Mahindi na ulezi vimeingia ghalani. Njia zinapitika. Mikono haina palizi. Pombe nayo ina kalenda yake. Ulanzi, kinywaji kinachogemwa kutoka katika machipukizi ya mianzi, ni mali ya masika, kwa sababu mianzi hutoa utomvu wakati wa mvua. Pombe ya nafaka, ile ambayo leo huitwa komoni, huhitaji mavuno. Ulanzi hugemwa na kunywewa mapema na watu wachache, jirani na jirani. Pombe ya nafaka hutayarishwa kwa siku kadhaa na kwa wingi, kwa hiyo humtaka mwenyeji aamue mapema siku ya watu kuja. Ndani ya uamuzi huo mdogo wa kupanga siku kuna mamlaka, na historia inayosimuliwa hapa kwa sehemu kubwa ni historia ya uamuzi huo kuhama kutoka mkono mmoja kwenda mwingine.

Vita pia vilipiganwa katika kiangazi, kwa sababu hizohizo za njia na chakula. Wahehe walikishinda kikosi cha Wajerumani pale Lugalo tarehe 17 Agosti 1891. Kalenga ilitekwa mwishoni mwa Oktoba 1894, kabla mvua hazijaanza kwa nguvu. Mkwawa alijiua tarehe 19 Julai 1898. Kwa hiyo kumbukumbu za ukoo na za eneo zima ziliangukia katika miezi ileile ambayo watu walikuwa na nafasi ya kukumbuka pamoja. Sina haja ya kuona mkono wa majaliwa hapo. Majeshi na wachezaji ngoma walitegemea barabara moja.

3. Waliotaka ngoma inyamaze, na waliotaka ipige saluti

Wamisionari walipofika walilitambua suala hili la mamlaka upesi kuliko maafisa wa serikali. Wamoravian waliingia Rungwe mwaka 1891, Misheni ya Berlin ikafanya kazi miongoni mwa Wanyakyusa, Wakinga na Wabena, Wabenediktini wakajenga Tosamaganga, na kuanzia 1919 Wakonsolata wakachukua nafasi yao huko. Kwa madhehebu yote hayo, ngoma ya usiku ilikuwa tatizo la nidhamu, na pombe iliyoambatana nayo ilikuwa tatizo kubwa zaidi. Kilichowekwa badala yake kilikuwa kwaya, na kwa Wamoravian, kwaya pamoja na tarumbeta. Leo bendi za matarumbeta za Mbeya na Rungwe zinapopita barabarani zikisindikiza harusi au mazishi, hakuna anayeziona kuwa jambo la kigeni. Zimekuwa za hapa.

Kwaya haikuvunja msimu. Iliuhifadhi kwa njia yake. Mashindano ya kwaya, mikutano ya injili, kipaimara na harusi za kanisani vilisogea hadi baada ya mavuno, kwa kuwa wachungaji nao walitaka watu wenye chakula na barabara kavu. Hata sikukuu ya mavuno kanisani iliweka mahindi na maboga mbele ya madhabahu. Kilichobadilika ni mwenye kuita. Mzee wa ukoo aliyekuwa akipanga siku kwa kuangalia ghala lake sasa aliisikia siku hiyo ikitangazwa Jumapili kutoka mimbarini, na aghalabu kwa Kiswahili.

Mkondo wa pili uliingia kwa njia ya askari. Beni, iliyoanzia katika miji ya pwani ya Kenya katika miaka ya 1890 na kugawanyika katika vyama pinzani vya Arinoti na Marini, ilisambazwa bara na askari na wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975, alionyesha kwamba beni haikuwa kuiga tu gwaride la Wazungu. Ilikuwa njia ya vijana kujipangia vyeo, sare, michango na ushindani nje ya mamlaka ya wazee. Kuzunguka Ziwa Nyasa, beni ilipata ndugu zake, malipenga na mganda, wenye vyombo vya mdomoni vya vibuyu na safu zilizonyooka kama za kijeshi. Kwa mada yetu, lililo muhimu ni lugha. Beni iliimbwa kwa Kiswahili kwa sababu washiriki wake walitoka kila mahali. Ndiyo kusema kwamba Kiswahili kiliingia katika mikusanyiko ya nyanda hizi kupitia raha kabla hakijaingia kupitia sera.

Hapa natofautiana na maelezo yaliyozoeleka, hasa katika semina za uzamili, yanayosema kwamba Kiswahili kiliziua nyimbo za lugha za jamii kwa amri ya serikali baada ya Uhuru. Amri zilikuwepo, nitazirejea. Lakini kijana wa Kibena aliyekuwa kibarua katika mashamba ya chai ya Mufindi au ya mkonge huko Tanga alikuwa amekwisha kujifunza kucheza kwa Kiswahili kabla ya 1961. Alirudi nyumbani kiangazi akiwa na wimbo, sare na jina la chama. Hakulazimishwa na mtu.

4. Kiangazi cha 1954 na warithi wake

Turudi Kalenga. Twining alikuwa ameyapitia mafuvu yaliyohifadhiwa katika jumba la makumbusho la Bremen mwaka 1953 na kulichagua moja kwa kulinganisha vipimo vyake na vya jamaa wa ukoo wa Mkwawa. Madai ya fuvu hilo yalikuwa ya zamani: Mkataba wa Versailles wa 1919, katika kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ilirejeshe. Kwa hiyo hafla ya 1954 ilitimiza ahadi ya miaka 35. Ilitimizwa kwa namna ya kikoloni, gavana akiwa mtoaji na chifu akiwa mpokeaji, huku watu wakitazama.

Mpangilio huo wa pande tatu, mtoaji, mpokeaji na watazamaji, unastahili kuangaliwa kwa makini. Katika ngoma ya mavuno pande hizo hazikutengana hivyo. Mwenyeji alitoa pombe, wageni walitoa sauti na miguu, na aliyechoka kucheza akawa mtazamaji hadi atakapopumzika. Hafla rasmi ilimweka mtu mmoja katikati na kuwapanga wengine kumzunguka. Serikali huru haikuuvunja mpangilio huu. Iliubadilisha aliyekaa katikati. Adam Sapi Mkwawa mwenyewe, aliyepokea fuvu akiwa chifu, alikuja kuwa Spika wa Bunge la nchi huru na kukikalia kiti hicho kwa miaka mingi, naye akawa miongoni mwa watu wanaokaribishwa katikati.

Mwaka 1962 Nyerere aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana na kuhimiza fahari ya ngoma zilizodharauliwa wakati wa ukoloni. Kelly Askew na wengine wameeleza kwa kina jinsi ngoma zilivyochaguliwa, zikafupishwa na kuwekwa jukwaani. Elias Songoyi, aliyewachunguza waimbaji Kalikali na Mwinamila, aliuliza swali gumu zaidi: msanii hupata nini na hupoteza nini anapokuwa karibu na dola? Mimi naongeza swali la tatu lililo dogo na la kiutawala: siku ya kucheza sasa inapangwa na nani?

Majibu yapo katika kalenda. Saba Saba iliigeuza siku ya kuzaliwa kwa TANU kuwa sikukuu ya nchi nzima, katikati ya kipupwe. Mbio za Mwenge wa Uhuru, ambao uliwashwa kileleni mwa Kilimanjaro usiku wa Uhuru wa Desemba 1961, zimezoea kuanza mvua za masika zinapoelekea ukingoni na kufikia kilele tarehe 14 Oktoba. Kwa maneno mengine, Mwenge husafiri katika kiangazi chote. Baada ya mfumo wa vyama vingi kurejea mwaka 1992, siku ya chama ilihitaji mwenzake asiye na chama, na Nane Nane ikawa sikukuu ya wakulima. Kwa Nyanda za Juu Kusini maonyesho yake hufanyika katika uwanja wa John Mwakangale, Mbeya. Ukiziweka siku hizi mbele ya mzee wa Kibena wa mwaka 1900 atazishangaa, lakini msimu atautambua. Ni uleule.

5. Kucheza, kutazama, kuonyeshwa

Mabadiliko haya yameandikwa katika vitenzi. Ngoma, kwa Kiswahili, ni chombo, ni mchezo na ni tukio kwa pamoja. Hupigwa, huchezwa, na hulala au hukesha. Anayekwenda ngomani hasemi anakwenda kuitazama, isipokuwa ni mgeni au ni mgonjwa. Neno tamasha lilipitia Kiajemi na lugha za Bara Hindi likiwa na maana ya kitu cha kutazamwa, na katika Kiswahili cha leo huandaliwa, huzinduliwa na hufana. Maonyesho, kutoka katika ona na kauli yake ya kusababisha, hufunguliwa na kufungwa. Katika neno la kwanza mtenda ni jamii, katika la pili ni kamati, na katika la tatu ni mwenye mkasi wa kukatia utepe.

Karibu na maneno haya lilikua kundi zima la msamiati wa hafla: mgeni rasmi, meza kuu, mshereheshaji, ratiba, itifaki. Msemaji husema "itifaki imezingatiwa" na kwa maneno mawili huwaondolea wasikilizaji orodha ndefu ya vyeo, ingawa nimewahi kuwasikia wakiisema na kisha wakaendelea kutaja vyeo vyote. Wanaisimu wa rejista wanalo shamba hapa ambalo halijalimwa vya kutosha.

Tanzu mbili za fasihi zilipata makao katika ratiba hiyo, nazo ni muhimu kwa wasomaji wa jarida hili. Ya kwanza ni ngonjera, ushairi wa majibizano uliohusishwa hasa na Mathias Mnyampala, ambaye kitabu chake cha Ngonjera za UKUTA kilichapishwa mwaka 1970, baada ya kifo chake. Ngonjera zilibuniwa zifundishe siasa ya Azimio la Arusha kwa njia ya mabishano kati ya mjinga na mwerevu, na shule za msingi zilizipokea kwa mikono miwili. Kwa miongo kadhaa mtoto wa Mufindi alikutana na ushairi wa Kiswahili kwa mara ya kwanza akiwa amesimama juani, mbele ya meza kuu, akiukariri. Wahakiki wamezoea kuzibeza ngonjera kwa ukavu wake, na nyingi zinastahili. Hata hivyo, ziliuweka ushairi mdomoni mwa maelfu ya watoto ambao lugha ya nyumbani kwao haikuwa Kiswahili, na hakuna diwani lililofanya hivyo.

Ya pili ni risala, na hii imepuuzwa kabisa. Risala ni andiko linalosomwa na mwakilishi wa wanakijiji, wafanyakazi au wanafunzi mbele ya mgeni rasmi. Ina umbo lake: salamu na shukrani, historia fupi ya mahali, mafanikio, matatizo (siku hizi huitwa changamoto), kisha maombi. Lugha yake ni ya heshima hadi kunyenyekea, lakini ndani ya maombi hayo kuna madai. "Tunaomba ofisi yako itusaidie daraja" ni sentensi inayosema daraja liliahidiwa. Risala huandikwa, hukaguliwa kabla ya kusomwa, na mara nyingi husafishwa. Wimbo haukaguliki kwa urahisi huo. Kikundi cha ngoma kilichopewa nafasi ya kumsifu mgeni kinaweza kuupenyeza ubeti mmoja kwa Kihehe au Kibena, na watu nyuma wakacheka kabla ya meza kuu kutafsiriwa. Katika mpangilio wa hafla, ngoma na risala hupokezana kazi: kinachokatwa katika moja huweza kutokea katika nyingine. Mtafiti anayekusanya nyimbo peke yake, au hotuba peke yake, anapata nusu ya mazungumzo.

6. Mgololo: mashine isiyojua kiangazi

Mgololo iko katika miteremko ya Mufindi inayoelekea bonde la Kilombero, kwenye reli ya TAZARA iliyokamilika katikati ya miaka ya 1970. Jina lake lilijulikana nchini kwa sababu ya kiwanda cha karatasi cha Southern Paper Mills, kilichoanza uzalishaji mwaka 1985 kwa kutegemea misindano ya Sao Hill, shamba la miti la serikali lililo kubwa kuliko yote nchini. Kilikusudiwa kutoa karatasi za kuandikia na kuchapia pamoja na za kufungashia. Wachapaji wa vitabu vya Kiswahili wa miaka ile ya uhaba walikuwa na sababu zao za kuufuatilia mji huu kwa karibu.

Mji wa kiwanda ulileta kalenda ya tatu, isiyo ya mavuno wala ya taifa. Mashine ya karatasi haipendi kusimama, kwa hiyo watu hufanya kazi kwa zamu, mchana na usiku. Aliye zamu ya usiku hana ngoma ya usiku. Sikukuu yake kubwa ni Mei Mosi, inayoangukia pale mvua zinapokwisha na kabla ya mahindi kukauka vizuri. Ni siku ya sare, mabango na risala, lakini kwa mkulima haina ghala nyuma yake.

Na kuna jambo zito zaidi. Katika uchumi wa msitu, kiangazi ndicho kipindi cha kazi. Magogo hutolewa msituni njia zikiwa kavu. Na ndicho kipindi cha hofu, kwa sababu misindano huungua. Kuanzia Julai au Agosti hadi mvua za kwanza, moto unaowashwa na mtu anayesafisha shamba au kurina asali unaweza kuvuka njia ya kuzuia moto na kuteketeza miti ya miaka mingi. Wakati ambao kwa jirani ni wa kukaa kuzunguka moto, kwa mlinzi wa msitu ni wa kutouona moto popote. Sijui mfano ulio wazi kuliko huu wa jinsi uchumi mpya unavyoweza kuugeuza msimu bila kutoa tamko lolote kuhusu utamaduni. Hakuna aliyepiga marufuku ngoma. Moto wake tu ndio uliokuwa na mwenyewe mwingine.

Pamoja na hayo, mji wa namna hii ulihitaji sanaa kuliko kijiji. Wafanyakazi walitoka Uhehe, Ubena, Ukinga, Unyakyusa na mbali zaidi. Mafundi walitoka mijini. Kijijini mtu hujua kiduo cha kwao kwa kukulia ndani yake. Katika nyumba za kiwanda, kiduo cha Wahehe kinakuwa jirani na mang'oma ya Wanyakyusa, na kila kimoja kinahitaji jina, kiongozi na orodha ya washiriki. Ndipo kikundi cha utamaduni kinapozaliwa. Hii ni sanaa mpya, si mabaki ya ya zamani: washiriki wake hujiunga kwa hiari, hufanya mazoezi kwa saa maalumu, na nyimbo zao za utambulisho ni za Kiswahili hata kama kiitikio ni cha lugha ya jamii. Mashirika ya umma ya enzi hizo yalikuwa na mfano wa kuiga. Kiwanda cha nguo cha Urafiki, Dar es Salaam, kilikuwa na bendi yake ya jazz tangu 1970, na Shirika la Bima lilikuwa na kikundi cha taarabu. Shirika lilionekana halijakamilika bila timu ya mpira na kikundi cha sanaa.

Ufadhili wa namna hiyo ulikuwa na mwisho wake. Kiwanda cha Mgololo kilisimamisha uzalishaji kwa miaka kadhaa, kikauzwa kwa wamiliki binafsi katika miaka ya mwanzo ya 2000, na sasa kinajulikana kama Mufindi Paper Mills. Katika hesabu za ubinafsishaji nchini, mashine, ardhi, nyumba na madeni vilithaminiwa. Ngoma za kikundi, sare, na saa za mazoezi zilizokuwa zikihesabiwa kuwa sehemu ya ustawi wa mfanyakazi hazikuwa na safu katika jedwali. Kanisa ndilo lililokuwa na safu hiyo tayari. Kwa hiyo kwaya, ambayo haikuwa ikimtegemea meneja, ndiyo iliyobaki na mpangilio usiovunjika wa mazoezi, sare na safari katika miji mingi ya aina hii, na sasa inatoa waimbaji hata kwa hafla zisizo za kidini.

7. Ngoma baada ya ratiba

Miaka ya karibuni imeleta wito mpya. Tukuyu kumekuwa na tamasha la ngoma za jadi linaloandaliwa na taasisi ya Tulia Trust, na Septemba 2024 Tamasha la Utamaduni la Taifa lilifanyika Songea, nyumbani kwa mganda, kioda na lizombe. Yote ni ya kiangazi. Yana zawadi, kamera na majaji, na vikundi huyafanyia maandalizi ya miezi. Wanaolalamika kwamba hizi si ngoma za kweli wanasahau kwamba Arinoti na Marini pia walishindana mbele ya watu, wakiwa na vyeo vya kubuni na sare za kushonesha kwa fundi.

Lalamiko langu ni la kitaaluma zaidi, na linatuhusu sisi watafiti. Sehemu kubwa ya rekodi tulizonazo za ngoma za Nyanda za Juu Kusini zilifanywa katika hafla, kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, mbele ya meza kuu. Tumezifanyia uchanganuzi na kuziita ngoma za Wahehe au za Wanyakyusa. Lakini hafla hizi zina sehemu ya pili isiyo katika ratiba. Mgeni rasmi akishaondoka na magari yake, viti vya plastiki hukusanywa, watoto huingia uwanjani, na wachezaji ambao asubuhi walipewa dakika 10 huanza upya. Mizunguko hurefuka. Kiswahili hupungua, au hutumika kwa utani. Waliokuwa wakitazama huingia, mmoja baada ya mwingine, na komoni huletwa katika ndoo kutoka nyumba zilizo jirani na uwanja. Katika hafla tatu kati ya nne nilizohudhuria Iringa na Mbeya, gari la watafiti liliondoka nyuma ya msafara wa mgeni rasmi, ili liwahi kufika mjini kabla ya giza.